Nuru Haikubali Mvuke

Saa nne usiku, darini, Tudor.
Nimejifunga kiunoni leso ya mama,
upepo wa hori haunijali.
Darubini nimeielekeza ng'ambo, Mkomani,
kwenye tundu dogo kuliko jicho la kuku
ambako Mwachiro amelala kifudifudi juu ya bati
anangoja nimtumie kitu kisicho na uzito.

Fotoni. Moja, kisha moja.
Hii imesimama wima. Hii imelala.
Hii imeegea kama kijana wa barazani,
hii imeegea upande wa pili, inamkwepa.
Mimi najua nilivyozisimamisha.
Yeye anabahatisha chujio,
nusu ya mara anakosea, na si kosa.

Baadaye tunaongea kwa simu, wazi, hata askari wasikie:
"Ya tisa uliitazamaje?"
"Kimshazari."
"Itupe. Ya kumi?"
"Kinyoofu."
"Iweke."
Hatutaji ilivyokuja, twataja tulivyoitazama.
Kinachobaki ndio ufunguo,
na hakuna mdomo uliowahi kuutamka.

Kibokoni tulikuwa na kinyume,
wasichana wa ua mzima: siri ikawa risi, mwezi zimwe,
tukadhani watu wazima ni viziwi
hadi siku nyanya alipotujibu kutoka jikoni,
kwa kinyume, bila kukwama,
kwamba mvulana tunayemsema
ni ndugu yangu wa kunyonya.

Halafu zikaja barua kutoka Faza.
Nilizipokea zimefungwa,
nilizisoma nikijihisi wa kwanza.
Miaka kumi na minane. Juzi, katika kuhama,
nikaona kwenye ukingo wa bahasha
punje kavu ya wali.
Basi birika, mvuke, kisu cha siagi,
kisha gundi ya ubwabwa, kidole kikipita taratibu
kama cha anayempaka mtoto dawa ya jipu.
Karatasi ilijua. Haikusema.

Nuru husema.
Siri ya mtungi aijuaye kata, sawa,
lakini mtungi huu, kata ikizama tu,
maji hugeuka ladha.
Aichunguliaye fotoni njiani ameshaigusa,
na akiituma tena, yaja na alama za vidole vyake.
Tunahesabu makosa: mawili katika mia, matatu,
hilo ni joto la lami, ni mwezi kwenye kioo.
Yakipita kumi na moja tunafuta kila kitu
tunakunja nyaya.

Jumanne yalifika kumi na manne.
"Kuna mtu katikati," Mwachiro alinong'ona.
Katikati kuna mikoko, maji, na hewa.
Nilimtafuta saa nzima, moyo ukinidunda
kwa furaha ambayo sikuielewa.
Ilikuwa taa za arusi, jirani na bati lake.

Leo mama ameniletea mahamri, amekataa kushuka.
"Kwani mtu akifungua njiani, mwajua?"
"Twajua."
"Hata akifunga vizuri?"
"Hata akifunga vizuri."
Akazungusha kifuniko cha chupa ya chai,
akakizungusha tena, ilhali kimeshafunguka.
"Enzi zangu," akasema, "ningeshikwa mapema."
Akanimiminia bila kunitazama
na mvuke ukapanda baina yetu.
Sikuuliza.

Saa sita na robo. Makosa matatu katika mia.
Ufunguo umetimia, huku na kule, sawa kwa sawa,
na neno la kwanza nililolifungia humo,
lisilovunjwa na serikali wala jini:
Ushakula?

Mwachiro akajibu.
Mama akarefusha shingo kwenye kioo.
Nikakigeuza.